Uliza Anko: Tiketi ni moja tu, wa pili anarudi nyumbani

Wiki hii maswali ya Ligi Kuu ya wanaume nimeyaweka pembeni, mnisamehe. Tangu JKT Queens wawafunge Rayon Sports ya Rwanda 1-0 kwenye fainali ya mchujo wa CECAFA, yaani kanda yetu ya Afrika Mashariki na Kati, pale Nairobi Septemba 2025, wakakata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa Wanawake, meseji zinamiminika. Nyingi ni za kushangilia, chache za kulalamika, na zipo mbili tatu za matusi ambazo nimezifuta. Haya twende.

*Shikamoo Anko. Mi ni Mnyama damudamu. Mwaka 2024 Simba Queens walienda Addis Ababa wakiwa mabingwa wa Bara, wakatolewa nusu fainali na Kenya Police Bullets, basi ndo ikawa kwaheri Afrika. Mbona wanaume wakichukua ubingwa wanacheza Afrika moja kwa moja ila dada zetu wanapewa mtihani mwingine juu ya mtihani? Huu si uonevu? Msomaji, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikusahihishe kidogo, wanaume nao hawaingii moja kwa moja. Bingwa wa Bara anaanzia raundi za awali, kama ana pointi nyingi CAF, shirikisho la soka la Afrika, anarukishwa ya kwanza anaanzia ya pili, akishinda ndo anaingia makundi. Kwahiyo mtihani upo kote kote. Ila tofauti ipo, na hapo ndo nakubaliana na wewe kabisa, kwenye idadi ya milango.

Hebu hesabu na mimi. CAF inaangalia viwango vya miaka 5 vya nchi, nchi 12 za juu kila moja inapeleka klabu 4 za wanaume, 2 Ligi ya Mabingwa na 2 Kombe la Shirikisho. Tanzania tumo humo. Yaani Tanzania peke yetu tuna tiketi 4 za kwenda kujaribu. Sasa njoo kwa wanawake: CECAFA nzima ina wanachama 12, kuanzia sisi na Zanzibar, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia mpaka Djibouti na Sudan Kusini, na kanda nzima hiyo inapewa tiketi 1. Moja bana! Sio zote zinapeleka timu kila mwaka lakini wanaofika wote wanagombania kitu kimoja, na anayefungwa fainali anapata medali ya fedha na safari ya kurudi kwao.

Alafu kuna jambo lingine watu wanalisahau. Wanaume walikuwa na mlango wa nyuma. Unakumbuka Oktoba 2021 Simba walivyoenda Botswana wakamfunga Jwaneng Galaxy 2-0, tukarudi Dar tunatembea vifua mbele, tukapigwa 3-1 nyumbani, jumla 3-3, tukatoka kwa sheria ya goli la ugenini? Mi siku ile nilizima simu mpaka Jumanne. Lakini hawakufa, walidondokea mchujo wa Kombe la Shirikisho, wakamtoa Red Arrows ya Zambia, wakafika robo fainali. Mwaka uliofuata Yanga vilevile, Al Hilal ya Sudan ikawatoa Ligi ya Mabingwa, wakadondoka, wakaenda Tunis kumfunga Club Africain 1-0 kwa goli la Aziz Ki, na safari ile ile ya waliodondoka ikawafikisha fainali ya 2023 dhidi ya USM Alger. Sasa hivi mlango huo CAF wameufunga hata kwa wanaume, ukitolewa umetolewa. Ila kwa wanawake haujawahi kuwepo kabisa, hakuna Kombe la Shirikisho la wanawake la kudondokea. Ukiteleza dakika 90 za nusu fainali, ubingwa wako wa mwaka mzima unabaki wa kuweka kabatini.

Uonevu? Mi nauita ufinyu. Mashindano yenyewe machanga, yameanza 2021 Misri na timu 8, na timu 8 ukizigawa kwa bara zima hazitoshi kumpa kila bingwa kiti.

*Anko, hizo timu 8 zinapatikanaje? Kazini tunabishana, mwenzangu anasema nchi ikiandaa inapita bila kufungwa wala kufunga. Mimi nasema muongo, mbona Kenya waliandaa na hawajafuzu. Tumewekeana soda. Fundi, Buguruni*

Fundi, hiyo soda mgawane nusu kwa nusu maana wote mko sawa na wote mmekosea.

Kanda ziko 6: CECAFA yetu, COSAFA ya kusini, UNAF ya kaskazini, UNIFFAC ya Afrika ya kati, na WAFU ya magharibi ambayo imekatwa vipande viwili, A na B. Kila kanda inafanya mashindano yake ya kufuzu na bingwa wake anaenda. Hao 6. Wa 7 ni bingwa mtetezi wa Afrika. Wa 8 ni klabu ya nchi inayoandaa *fainali zenyewe*. Hapo kwenye neno fainali ndo mwenzako alipopatia. Mwaka 2023 fainali zilikuwa Ivory Coast, Athletico Abidjan wakaingia kama wenyeji.

Ila kuandaa mashindano ya kanda hakukupi kitu zaidi ya mashabiki wako na kulala karibu na uwanja. Kenya 2025 waliandaa, tiketi ikaondoka na maafande wa JKT. Uganda waliandaa 2023 pale Njeru, bingwa akawa yule yule JKT. Ethiopia 2024 waliandaa wakashinda wenyewe kupitia CBE, na sisi 2022 tuliandaa Chamazi Simba Queens wakashinda, lakini hao walishinda uwanjani, sio kwa kupewa.

Na sikiliza hii, maana ndo jibu la yule wa Mbagala pia. Kuna njia mbili za CECAFA kupata tiketi ya pili. Ya kwanza ni nchi ya kanda yetu iandae fainali, na hadi leo haijatokea, zimeenda Misri, Morocco, Ivory Coast, Morocco tena, alafu Misri tena kwa 2025. Ya pili ni timu yetu ibebe ubingwa wa Afrika, maana mtetezi anarudi bila kupita kwenye kanda, na kanda yake inapeleka mwingine. Angalia kusini: Mamelodi Sundowns walibeba 2021, mwaka 2022 wakaingia kama watetezi, na COSAFA bado ikapeleka Green Buffaloes ya Zambia. Kanda moja timu mbili. Mwenye nacho huongezewa, ndo ilivyo.

*Kaka, habari za kazi. Mimi sio shabiki sana ila binti yangu wa kwanza anacheza, ana miaka 16, na kocha wake anamwambia akikaza buti atafika huko CECAFA. Nilimuona kwenye tivii yule mchezaji anatoka uwanjani anachechemea na kesho kutwa yake yupo tena. Hivi hawa watoto wanapumzika saa ngapi? Mama wa Msichana, Morogoro*

Nzuri dada, na hongera kwa kumfuatilia binti. Swali lako zuri kuliko yote ya wiki hii, sikutanii.

Hawapumziki sana, huo ndo ukweli. Haya sio mashindano ya nyumbani na ugenini ambapo ukicheza Jumamosi unakaa wiki nzima. Mnakusanyika mji mmoja, mnacheza makundi, nusu fainali, fainali, mnatawanyika. Mwaka 2022 hapa Dar yalichukua wiki mbili hivi za Agosti, na ukiwa bingwa unacheza mechi 5. Mechi 5 kwa wiki mbili, dada, wakati kwenye ligi yetu mechi 5 zinaweza kukuchukua mwezi na zaidi.

Mi nilikuwepo Chamazi siku moja ya makundi mwaka ule, nikakaa chini karibu na benchi. Nilichokiona mpaka leo sikisahau: mechi imeisha, wachezaji wa timu moja hawaendi kusalimia jukwaa, wanaenda moja kwa moja kwenye ndoo mbili kubwa za plastiki zenye barafu, zile ndoo za kuchotea maji kabisa, wanaingiza miguu wawili wawili mpaka kwenye magoti huku wanang'ata meno. Mmoja analia, nikadhani kaumia, kumbe barafu tu. Mtu wa tiba anawahesabia dakika kwa saa ya simu. Nikauliza kwanini wasifanyie hotelini, nikaambiwa foleni ya barabarani tu itamaliza muda wote, bora hapa hapa.

Kwahiyo makocha wenye akili hawaendi na wachezaji 11 wazuri, wanaenda na 18 wanaoaminika. Na hapo ndo pagumu, maana kwenye makundi kuna mechi unakutana na timu dhaifu, unashinda nyingi, unashawishika kumuacha straika wako apige magoli tu kwa ajili ya tofauti ya magoli, alafu nusu fainali anakuja miguu mizito kama kabeba zege. Kocha anatakiwa awe mchoyo na miguu ya wachezaji wake. Ukimuona anamtoa nyota dakika ya 50 wakati anaongoza 3, usimzomee, anajua anachokifanya.

Kwa binti yako, mwambie kocha wake amfundishe kunyoosha misuli na kulala mapema kabla ya hayo mambo ya kukaza buti. Na ale. Wasichana wengi wa umri huo wanaenda mazoezini na chai kavu tumboni, wanaanguka, tunasema hawana stamina.

*Anko mambo. Hivi kwenye haya mashindano goli la ugenini linahesabika? Mi naliogopa kuliko simba wa Mikumi. Msomaji, Iringa*

Poa kabisa. Halipo, lala usingizi. Ile sheria ni ya mechi mbili, kwako na kwangu. Hapa ni mechi moja kwenye mji mmoja, mkitoka sare mwisho wa siku ni matuta.

Na matuta nayo sio mchezo. Fainali ya 2023 JKT na CBE ya Ethiopia hawakufungana, wakaenda matuta. Mi nilikuwa ndani ya daladala natokea Kariakoo, bando limekata, nafuatilia kwenye grupu la WhatsApp kwa wai-fai ya jirani yangu wa siti ambaye hata hanijui, kaniwashia hotspoti kwa huruma tu. Watu kwenye grupu hawaandiki matokeo, wanaandika "WEEE", "MUNGU WANGU", mmoja anaandika "TAYARI" alafu kimya dakika nzima. Tayari nini sasa? Tumefuzu au tumetolewa? Konda ananidai nauli mi namwambia subiri matuta. Ilivyokuja ile "JKTTTT" yenye T kama ishirini nikajua, nikalipa nauli na ya jirani yangu juu.

Alafu nikawaonea huruma CBE, kweli. Hao watu walifungwa fainali 2021 na Vihiga Queens ya Kenya 2-1, wakafungwa fainali 2023 kwa matuta, na kwa sababu tiketi ni moja mara zote mbili walirudi mikono mitupu, timu ya pili kwa ubora kanda nzima na Afrika wanaiona kwenye tivii kama mimi na wewe. Walipata 2024, nyumbani kwao, mara ya tatu. Na kabla hujauliza maana nimeulizwa mara nyingi: ndio, CBE ni benki, Benki ya Biashara ya Ethiopia. Timu ya benki, timu ya jeshi, timu ya polisi. Soka la wanawake ukanda huu limebebwa sana na taasisi zenye mshahara wa kila mwezi, na ndo maana wachezaji wake hawakimbii katikati ya msimu.

*Anko, bingwa wa Kombe la Kagame mbona hapewi nafasi ya Afrika wakati ni mashindano ya CECAFA hayo hayo? Msomaji, Kahama*

Kwa sababu Kagame ni kombe la klabu za wanaume la CECAFA wenyewe, heshima na hela ya zawadi, basi. Klabu za wanaume nafasi zao za Afrika zinatoka kwenye ligi na kombe la nchi zao. Hili la wanawake limeanzishwa na CAF makusudi kama mchujo. Mwenyeji mmoja, CECAFA, ila shughuli mbili tofauti, moja sendoff nyingine harusi.

*Sisi wa Visiwani tunaruhusiwa? Maana FIFA hatutambuliwi. Msomaji, Mchambawima, Unguja*

Mnaruhusiwa na mnapeleka timu. Zanzibar ni mwanachama wa CECAFA kamili, na CAF klabu zenu wanazipokea, hata kwa wanaume kila mwaka mko kwenye raundi za awali. Kilichokwama ni timu ya taifa, ule uanachama kamili wa CAF mliopewa Machi 2017 ukafutwa Julai mwaka huo huo. Miezi minne tu, tulishaanza kununua jezi. Ila klabu haihusiki na hilo. Bingwa wenu wa wanawake akishinda kanda anaenda Afrika kama bingwa mwingine yeyote, na siku hiyo ikifika nitakuja na boti ya asubuhi.

*Tuache siasa, timu yetu ya CECAFA ikifika huko fainali inafanya nini cha maana? Au tunaenda kuhesabu magoli? Mkweli, Arusha*

Mkweli umekuja kwa shari ila nitakujibu kwa upole. Vihiga 2021 walitoka makundi. JKT 2023 makundi. CBE 2024 makundi. Hapo uko sahihi, sikatai.

Lakini umeruka 2022. Simba Queens walienda Morocco, mechi ya kwanza na wenyeji AS FAR wakafungwa 1-0, watu kama wewe wakaanza kuandika matanga. Wakamfunga Determine Girls ya Liberia 2-0, wakamfunga Green Buffaloes 2-0, wakaingia nusu fainali, timu ya kwanza ya CECAFA kufika pale. Wakatolewa na Sundowns 1-0, wakafungwa na Bayelsa Queens ya Nigeria 1-0 kwenye mechi ya mshindi wa tatu. Wa nne Afrika. Angalia hizo mechi walizofungwa, goli moja moja zote tatu, na AS FAR waliowafunga moja ndo hao hao walioenda kumtandika Sundowns 4-0 fainali. Hao sio watu waliokwenda kuhesabu magoli kaka.

Mi naona shida yetu iko kwenye ratiba kuliko vipaji. Tiketi inapatikana Agosti au Septemba, fainali zinakuwa Novemba hivi, hapo katikati una miezi miwili ya kuongeza wachezaji, kutafuta viza, kucheza mechi za kirafiki ngumu. Wenzetu wa Morocco ligi yao inawapa mechi ngumu kila wiki, sisi bingwa wetu anaweza kumfunga mtu 8 kwenye ligi Jumatano alafu akaambiwa ajiandae kukutana na AS FAR. Hela zipo sasa, bingwa wa 2024 alipangiwa dola 600,000 kutoka 400,000 za mwanzo, kwahiyo kila mtu anajiandaa kwelikweli. Ukichelewa wiki mbili kuanza kambi wenzako wameshakupita.

*Anko Yanga Princess lini? Mwananchi, Jangwani*

Mwananchi, ngazi ya kwanza ni ligi ya ndani. Wawakilishi wetu kwenye mchujo huu tangu uanze ni Simba Queens 2021, 2022 na 2024, JKT Queens 2023 na 2025. Ukiona listi ina majina mawili tu ujue wa tatu hajachukua ubingwa tangu mchujo uanze, na hakuna barua ya CAF inayoweza kusaidia hapo. Kanuni za leseni zinataka klabu kubwa ya wanaume iwe na timu ya wanawake, sawa, timu mnayo, lakini kanuni haifungi magoli. Waambie viongozi wasajili kipa na beki wa kati kabla hawajatangaza jezi mpya.

Na wewe uliyeandika kutoka Tandahimba ukiuliza kama nauza tiketi za Misri: siuzi, na huyo anayekuuzia kwa jina langu usimtumie hela.